Mwalimu na Mwanagenzi

Maneno mawili yamepishana njiani katika shule za upili za Nyeri, na kila moja limeingia nyumba isiyo yake.

La kwanza ni mwanagenzi. Kamusi zinalieleza kuwa ni mtu anayeanza kujifunza kazi, ambaye bado hajaimudu na yuko chini ya fundi. Lakini tangu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ianzishe mpango wake wa mikataba ya muda, magazeti na redio zetu humwita mwanagenzi kijana Mkenya aliyesomea ualimu miaka 4 chuoni, akafanya mazoezi ya kufundisha, akafuzu, akapata nambari ya usajili, kisha akapelekwa darasani kwa posho. Mwanzoni mpango huo ulimpa mwalimu wa shule ya upili Sh15,000 kwa mwezi. Walioingia Sekondari Msingi mwaka 2023 waliahidiwa Sh20,000 kabla ya makato.

La pili ni mwalimu. Hilo hupewa, tena asubuhi ya kwanza mbele ya gwaride, kijana wa miaka 18 au 19 kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani. Amemaliza shule juzi, chuo kikuu hajaingia, na amekuja kujitolea kufundisha Kiingereza kwa wiki chache. Mwalimu mkuu anamkaribisha, wanafunzi wanapiga makofi, naye anakabidhiwa chaki na darasa.

Nayaandika haya kwa sababu nayapenda maneno yote mawili, na inaniuma kuyaona yakitumiwa hivi. Anayejua kazi anaitwa mwanagenzi. Asiyeijua anaitwa mwalimu. Hakuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo tunavyosema kila siku, kuanzia Nyeri mjini, Othaya, Mukurweini na Karatina, hadi huko unakouzunguka Mlima Kenya kupitia Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya.

Sheria yenyewe inajua tofauti. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa. Ili asajiliwe kufundisha shule ya upili, Mkenya anatakiwa awe amefuzu ualimu, na kabla ya hapo awe alipata alama ya C+ katika mtihani wa kitaifa wa KCSE pamoja na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba jijini Nairobi ikaamua kwamba TSC ilikiuka haki za walimu hao ilipowachukua kwa mkataba wa uanagenzi ilhali wamekwisha kufuzu. Wengi walijadili pesa, na ni haki yao. Mimi niliisoma hukumu ile kama hukumu ya istilahi pia: jina lisilomfaa mtu linaweza kumpunguzia mshahara, na mahakama ikalitambua hilo.

Sasa tuligeukie neno linalomfuata mgeni wetu kila aendako, yaani kujitolea. Mzizi wake ni kutoa. Ukiongeza kiambishi cha kujirejea unapata kujitoa, na hapo pana hatari. Timu hujitoa mashindanoni, mwanachama hujitoa chamani, na kujitoa mhanga ni maneno ambayo siku hizi yamezoeleka katika habari za mabomu. Kinachoigeuza maana yote ni ile kauli ya kutendea, silabi moja tu: jitoa inakuwa jitolea. Kauli hiyo haikubali kusimama peke yake. Ukisema umejitolea, msikilizaji yeyote wa Kiswahili ana haki ya kukuuliza: umejitolea kwa ajili ya nani? Katika kitenzi hicho anayepokea amewekewa nafasi, hata pale ambapo hatajwi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaolitumia neno hili kana kwamba linaeleza tu kazi isiyo na mshahara. Mtu anaweza kufanya kazi bila mshahara kwa faida yake mwenyewe, na huyo hajajitolea kwa ajili ya mtu.

Na tazama jinsi neno lenyewe linavyoondolewa pesa zinapoingia. Wahudumu wa afya wa vijijini walifanya kazi kwa miaka mingi wakiitwa wa kujitolea. Mwaka 2023 serikali ilipokubali kuwapa Sh5,000 kwa mwezi, kujitolea kukafutwa katika jina lao, wakawa wahamasishaji wa afya ya jamii. Kwa lugha ya ofisi, basi, kujitolea ni jina la yule ambaye bado hajafikiriwa kulipwa. Kijana wa kigeni yuko upande wa pili kabisa: yeye mara nyingi amelipa ili aje. Amelipa shirika la kwao linalopanga safari, malazi na shule atakayofika, na kiasi anacholipa kwa wiki chache kinaweza kuushinda mshahara wa miezi mingi wa mwalimu atakayeketi naye katika chumba cha walimu.

Kiswahili kina jina la malipo ya namna hiyo. Pesa anazotoa mtu ili aingizwe mahali pa kufundishwa ni karo, na anayelipa karo ni mwanafunzi.

Najua nitajibiwa kwamba si wageni wote walikuja hivi, na ni kweli. Historia ya jambo hili mlimani ni ndefu na haifanani kila mahali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 na Kenyatta akalifanya harambee kuwa neno la taifa, wazazi wa Mkoa wa Kati walilichukua jinsi lilivyo, kama wito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Walitoa ardhi, mchanga, mawe, mbao na pesa za kahawa, wakajenga shule za upili kabla serikali haijawafikia. Kuta zilisimama, mabati yakawekwa, walimu wakakosekana. Baadhi ya madarasa hayo yalipata walimu kutoka Peace Corps, shirika lililoundwa na serikali ya Marekani mwaka 1961, ambalo watu wake walianza kufika Kenya mwaka 1964. Mpaka shughuli zake ziliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama, zaidi ya watu 5,000 walikuwa wamehudumu nchini. Kipindi cha mmoja kilikuwa miaka 2, baada ya miezi ya mafunzo yenye Kiswahili ndani yake. Walilala vijijini na kuisahihisha mitihani kwa taa ya mafuta kama wenzao. Kujitolea kulikuwa jina lao halali.

Jina la shirika lao, Peace Corps, yaani kikosi cha amani, lina neno corps, ambalo Kiswahili kilikwisha kulimeza zamani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwakusanya wapagazi, wengi wao kwa nguvu, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Kambi zao ziliacha majina mawili mijini: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mabaki ya neno corps yamo mwishoni mwa majina hayo. Kwa babu wa Nyeri wa mwaka 1965, aliyechukuliwa upagazi akiwa kijana, kisha akaona vikosi vya Waingereza vikiingia kijijini wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, kikosi cha amani hakikuwa jina jepesi kuelewa. Mpaka leo Nanyuki, kwenye kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza, wenyeji wana neno lao la kumwita askari huyo, Johnny, na mgeni mweupe anayetembea barabarani huko hutazamwa kwanza ili ijulikane yeye ni yupi: Johnny, mtalii wa mlima, mmishonari, au mwalimu. Watu wa mlimani huainisha kwa makini. Walifundishwa na mambo yaliyowapata.

Sasa Kiingereza chenyewe. Kwa Kikuyu kinaitwa Gĩthũngũ, na huko Nyeri kina kumbukumbu ya kitu kidogo cha kuaibisha. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Tetu, alipelekwa shule ya bweni ya St Cecilia's, Mathari, chini ya masista wa Consolata. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 anaeleza kifungo walichokiita monitor, alichovishwa msichana aliyesikika akiongea lugha ya mama, naye akakaa nacho hadi amkamate mwingine. Masista wa Consolata ni shirika lililoanzishwa Torino, Italia. Mara nyingi nafikiri juu ya hilo: mtoto wa Tetu alikatazwa Kikuyu kwa ajili ya Kiingereza, katika shule ya shirika la Kiitaliano. Shule nyingine zilikuwa na kibao au kipande cha mti, wengine wakakiita disk. Majina yalitofautiana na aibu ilikuwa ile ile.

Aibu hiyo ina mjukuu, naye ni kitenzi: kushrabu. Kila mwanafunzi wa Kenya anakijua. Ni kutamka Kiingereza, au Kiswahili, kwa sauti za lugha ya mama, na Mlima Kenya ndio unaochekwa zaidi kwa sababu Kikuyu hakina l. Lori ni rori. Kalamu ya Kiswahili ilipoingia Kikuyu ikawa karamu, na hivyo mtoto wa Mukurweini anapoomba karamu ya kuandikia anasema neno sahihi la kwao, ingawa Mswahili wa pwani atamwelewa anataka kualikwa kula. Hakuna kosa la akili hapo. Ni lugha moja imeikaribisha nyingine kwa sauti ilizonazo. Na shule humleta kijana wa kigeni kwa tumaini hili hasa, kwamba atawaondolea watoto shrabu, kwamba lafudhi yake itawaambukiza.

Hapo ndipo ninapotaka wenye shule wanisikilize. Mtihani wa KCSE wa Kiingereza una karatasi 3 zenye jumla ya alama 200. Ya kwanza ina maandishi ya kiuamilifu, kujaza mapengo na stadi za kuongea, ya pili ina ufahamu, fasihi na sarufi, ya tatu ina insha ya kubuni na insha za vitabu teule. Stadi za kuongea zinatahiniwa kwa kuandika. Mtahiniwa haulizwi kwa sauti hata neno moja! Lafudhi ya London au Chicago haina alama hapo. Kinachotakiwa ni mtu aliyevisoma vitabu teule na kuvifundisha, anayejua kwa nini tamthilia ya A Doll's House ya Ibsen wa Norway iliwasumbua watoto wa Kidato cha Tatu na Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ikawapa la kusema, na anayejua mtahini anatafuta nini katika barua rasmi. Mtu huyo yupo, na ni yule anayeitwa mwanagenzi, au mwenzake mwalimu wa bodi ya shule, anayelipwa kutokana na michango ya wazazi, ambaye shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona alirudi nyumbani bila kitu.

Tena hesabu lugha. Wanaisimu wetu wana neno zuri, mlumbi, kwa mtu anayezimudu lugha nyingi. Msichana wa Karatina aliyeketi dawati la nyuma anaongea Kikuyu na nyanya yake, Kiswahili sokoni, Sheng na wenzake bwenini, na Kiingereza darasani. Huyo ni mlumbi. Anayesimama mbele yake mara nyingi ana lugha moja, aliyozaliwa nayo, ambayo hajawahi kujifunza kama lugha ya kigeni na hivyo hajui ugumu wake uko wapi. Ukimuuliza kwa nini Kiingereza kinasema hivi na si vile, atajibu kwamba ndivyo kinavyosikika. Mwalimu Mkenya alikipanda Kiingereza ngazi kwa ngazi, na anajua ipi inateleza.

Lakini siandiki ili wafukuzwe. Nataka waje, kwa jina linalowafaa, na jina hilo limekuwa mdomoni mwa watu wa Nyeri siku zote.

Kikuyu kina kitenzi kiitwacho kũruta. Maana yake ya msingi ni kutoa, kuondoa kitu kilipo. Kũruta mũhothi ni kutoa mchango. Kũruta igongona ni kutoa sadaka. Kũruta wĩra ni kufanya kazi, kana kwamba kazi nayo ni kitu unachokitoa ndani yako. Kitenzi hicho hicho, bila kubadilishwa herufi, ni kufundisha: mwalimu ni mũrutani, ingawa mwarimũ iliyotoka Kiswahili ndiyo inayosikika zaidi, na arutwo ni wanafunzi wa Yesu katika Biblia ya Kikuyu. Ukikirejesha kwa mtendaji unapata kwĩruta, na hiyo ni kujifunza. Ukiongeza kauli ya kutendea unapata kwĩrutĩra, nayo ni kujitolea. (Kuruta wa jeshi katika Kiswahili hahusiki hapa, yeye alitoka kwenye Kiingereza.) Kutoa, kufanya kazi, kufundisha, kujifunza, kujitolea: mzizi mmoja unayabeba yote. Kiswahili kimeyagawa: kutoa huku, kufunza kule, na anayejitolea hasikiki akiwa jamaa wa anayejifunza. Nyeri wanasikika wakiwa ndugu wa tumbo moja, wametenganishwa na silabi moja.

Nilipoitazama familia hiyo ya maneno ndipo nilipoona kwamba kijana wa kigeni hahitaji kuchagua kati ya kuitwa mjitoleaji na kufichua kwamba amekuja kujifunza. Kwa mantiki ya lugha ya mahali alipofika, hawezi kufikia kwĩrutĩra bila kupitia kwĩruta. Kwanza ajifunze, kisha ndipo ajitolee. Na Kiswahili, kilichoyagawa maneno hayo, kina neno moja la kumwita mtu aliye katika hatua hiyo ya kwanza bila kumdharau. Ni mwanagenzi.

Mwanagenzi si mjinga. Ni mtu ambaye fundi amekubali kuwa naye. Ana mahali pa kukaa na kazi za kufanya. Katika shule ya upili kazi hizo zipo tele. Akae nyuma ya darasa amwone mwalimu Mkenya anavyofundisha wanafunzi waliojaa hadi mlangoni, maana tangu mwaka 2018 sera ya kila aliyemaliza darasa la 8 kuingia kidato cha kwanza ilijaza madarasa kuliko madawati. Achukue wanafunzi sita wanaosuasua kusoma, awasikilize wakisoma kwa sauti, mmoja mmoja, kila jioni. Mwalimu mwenye madarasa matano hana nafasi ya kufanya hivyo, na hiyo ndiyo zawadi kubwa ambayo kijana mwenye masikio na muda anaweza kuitoa. Aendeshe mijadala ya Ijumaa. Aandikiane nao. Ajifunze Kikuyu mbele yao, akose l na r kwa namna yake, wamrekebishe, ili neno kushrabu lipoteze makali. Hayo yote yanatosha kuitwa kazi, na hakuna hata moja linalohitaji adanganywe, au adanganye, kwamba ni mwalimu.

Jina kubwa zaidi linaweza kuja, lakini halitoki kwenye ofisi ya shirika. Sista Irene Stefani alikuja kutoka Italia, akawauguza wapagazi wa ile Carrier Corps huko Voi na Kilwa, kisha akaishi Gikondi, Nyeri, akifundisha na kuwatembelea wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1930. Watu wa Gikondi ndio waliompa jina la Nyaatha, mama wa huruma. Kanisa lilipomtangaza mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, jina lililokuwa likitamkwa na umati lilikuwa hilo la wanakijiji. Lilichukua miaka, na lilitoka kwa waliohudumiwa.

Limebaki suala la pesa, na hapa pia lugha yetu ilikuwa imepanga mambo. Zamani mwanagenzi alipomaliza kufunzwa alimpa fundi wake kilemba. Kamusi za kale zinakitaja, kilemba kwa maana ya zawadi ya heshima anayopewa aliyekufunza, iwe kweli kitambaa cha kichwani au fedha badala yake. Kijana wa kigeni anapoondoka Othaya au Nanyuki amekwisha kulipa pesa nyingi, ila zimeishia kwa waliompangia safari. Tukimwita mwanagenzi kwa maana yake halisi, basi fundi wake ni yule mwalimu wa Kiingereza aliyemwachia kiti nyuma ya darasa, akamweleza karatasi tatu za mtihani, akamfundisha kutamka majina ya watoto. Shirika lolote linalotaka kuleta vijana katika shule za mlima huu liandike malipo ya mwalimu huyo katika mkataba wake, kwa kiasi kinachojulikana, kila muhula, na liyaite kilemba.